Mama na Binti Katika Shauri la Posa

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo lisilo geni katika nyumba zetu, walakini watu hawapendi kulitaja mbele ya wageni. Nalo ni ugomvi wa mama na binti yake katika shauri la ndoa. Baba na mwanawe wakigombana, mji mzima hupata habari, maana sauti hutoka hata barazani. Mama na binti wakigombana, maneno hubaki jikoni. Jirani hujua tu kwa kuona ya kuwa mmoja anatwanga na mwingine anapeta, wala hawasemeshani. Ndiyo sababu ugomvi wa namna hii huweza kukaa miezi bila ya mtu kuutibu.

Hatukuja kumhukumu mama, wala kumhukumu binti. Tumekuja kueleza mambo manne: mama anaogopa nini, binti anaogopa nini, dini na sheria zasema nini, na wazee wetu walikuwa na njia gani ya kuwapatanisha watu wawili wapendanao. Ili maneno yetu yasiwe matupu, tumetunga mfano wa nyumba moja. Nyumba hiyo si ya mtu fulani. Lakini twadhani ya kuwa wengi watasema wameiona.

MFANO WETU

Tuseme nyumba hiyo iko katika kijiji cha pwani ya Tanzania, si mbali na Pangani. Mama ni mjane. Mumewe alipokufa alimwachia watoto watatu na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Kila alfajiri mama hupika vitumbua, akaviuza kando ya njia. Binti yake wa kwanza ana umri wa miaka 16, naye yu Kidato cha Pili.

Jioni moja mshenga alikuja na barua ya posa, na pamoja na barua mlikuwa na fedha za kishika uchumba. Mposaji ni mtu wa miaka 34, ana mashua mbili za kuvulia samaki, halewi, wala hadaiwi na mtu. Mama aliipokea barua, akawaambia wageni warudi baada ya mwezi mmoja wapate jibu. Lakini makuti ya paa yalikuwa yameoza, na masika yalikuwa karibu. Basi akatoa sehemu ya fedha zile, akanunua mabati sita.

Binti aliporudi shuleni aliyaona mabati yameegemezwa ukutani. Akauliza yametoka wapi, akaambiwa. Akasema, "Mama, mimi sitaki kuolewa. Nataka kusoma."

Mama akajibu, "Mwanangu, shule haikimbii. Posa njema hukimbia."

Binti akasema, "Basi olewa wewe."

Mama hakumpiga. Alikwenda zake uani, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, na tangu jioni ile hawakusemeshana ila kwa jambo lisiloepukika.

HOFU YA MAMA

Wako watu watakaosema upesi ya kuwa mama huyu amemwuza mwanawe kwa mabati sita. Sisi hatusemi hivyo. Yatupasa kwanza kuujua moyo wake.

Mama mjane huhesabu kila siku. Akifa yeye kesho, nani atamtunza binti huyu? Tena ameona wasichana wa rika la mwanawe waliopata mimba nje ya ndoa, na wale waliowatia mimba hawakuonekana tena. Amesikia watu wakisema, "Hakufunzwa na mamaye," na neno hili huingia moyoni kuliko mkuki, kwa maana mtoto akiharibikiwa, dunia humwuliza mama kabla ya kumwuliza mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo posa ya mtu mwenye kazi na mwendo mwema huonekana kwake kama mlango wa ngome: binti akisha kuingia, hatari zote zitabaki nje.

Tena mama ana haki ya kusikilizwa, na mila zetu zimekiri hivyo tangu zamani. Katika desturi za pwani mposaji hatoi mahari peke yake. Ziko na ada nyingine, kila moja na jina lake. Upande wa baba hutolewa kilemba. Mama hupewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo ambayo mwanamke hujifunga tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za mila kama hizi katika kitabu chake cha Desturi za Waswahili, kilichochapwa mwaka wa 1903.

Tazameni majina hayo. Ada ile haikuitwa bei ya binti. Iliitwa kwa nguo zilizotumika siku ya uchungu na siku za kulea. Maana yake ni shukrani: "Mama, twajua ya kuwa ulifunga tumbo, twajua ya kuwa ulibeba." Shukrani hulipwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Haimpi anayeshukuriwa mamlaka ya kuyamiliki maisha ya mtoto yaliyo mbele. Mtu akiusahau mpaka huu, hugeuza mkaja ukawa bei, na hapo ndipo ubaya unapoanza.

HOFU YA BINTI

Sasa na tumgeukie binti. Neno lake la jioni ile lilikuwa na utovu wa adabu, na hatulisifu. Lakini neno baya mara nyingi ni vazi la hofu, na hofu yake ina sababu.

Kwanza, yuko katikati ya masomo. Ada ya shule za sekondari za serikali ilifutwa Tanzania mwaka wa 2016 kwa kidato cha kwanza hata cha nne, basi ameona njia iliyo wazi mbele yake kuliko ile aliyokuwa nayo mamaye. Msichana anayeiacha shule ili aolewe hupata tabu sana kuirudia, maana baada ya mwaka mmoja au miwili huwa na mtoto mgongoni.

Pili, mwili wake bado unakua. Watu wengi hudhani ya kuwa msichana akisha kuvunja ungo amekuwa mwanamke kamili. Kwa kweli mifupa ya nyonga huendelea kukua baada ya hapo. Msichana mdogo akishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto huweza kukwama njiani. Asipofikishwa hospitali upesi, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi, hata nyama ile hufa na kutoboka, na mkojo hutoka wenyewe usiku na mchana. Ugonjwa huu huitwa fistula. Unaweza kumpata mwanamke wa umri wo wote aliyekosa msaada, na mara nyingi hutibika kwa kupasuliwa. Lakini hatari ya mtoto kukwama ni kubwa zaidi kwa mwili usiokomaa. Kadhalika Shirika la Afya Duniani latufundisha ya kuwa wasichana wanaozaa kati ya miaka 10 na 19 hupatwa na kifafa cha mimba na maradhi ya tumbo la uzazi kuliko wanawake wa miaka 20 hata 24.

Tatu, hamjui yule mtu. Amemwona akipita ufukweni, basi. Mama ameulizia mashua na madeni. Binti ajiuliza je, mtu huyu akikasirika hufanya nini? Hilo mshenga hakulileta katika barua.

Na binti huyu si wa peke yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hata 24, wapatao 31 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

NENO LA DINI

Katika magomvi ya namna hii kila mtu huvuta dini upande wake, kama wasemavyo wahenga, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Basi yafaa tuangalie dini zasema nini.

Katika Uislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Kurani yaamuru katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, ya kuwa wanawake wapewe mahari yao. Si mali ya baba wala ya mama. Tena imepokewa katika hadithi za Mtume ya kuwa mwanamwali hutakwa idhini yake, na kunyamaza kwake ni idhini, kwa kuwa huona haya. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, walimpa baba nafasi kubwa katika ndoa ya binti yake. Lakini hata wao walipenda binti aulizwe. Mama si walii wa ndoa, lakini sisi sote twajua ya kuwa maneno ya posa huanza jikoni kabla hayajafika msikitini.

Katika Ukristo vile vile, padre au kasisi humwuliza kila mmoja kwa sauti mbele ya watu kama akubali. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka wa 1983 yasema ya kuwa ndoa hufanywa na ridhaa ya wale wawili, wala hakuna mamlaka ya binadamu awezaye kuitoa ridhaa hiyo badala yao.

Hapa twataka kusema neno moja juu ya kunyamaza. Kunyamaza kwa haya ni kitu kimoja, na kunyamaza kwa hofu ni kitu kingine. Msichana akiulizwa mbele ya wajomba kumi, huku sufuria za pilau ziko motoni, hawezi kusema hapana. Kunyamaza kwake hakutuambii kitu. Kumwuliza mtu maana yake ni kumpa nafasi ya kusema "Hapana" bila ya kupatwa na baya. Asipopewa nafasi hiyo hakuulizwa, ameambiwa tu.

NENO LA SHERIA

Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 ya Tanzania Bara iliweka kanuni kubwa ya kuwa ndoa haifungwi ila kwa ridhaa ya hiari ya mume na mke. Ilisema pia ya kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, na ikaagiza ya kuwa msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Ikiwa baba amekufa, idhini ya mama. Kwa hiyo mama mjane wa mfano wetu angeweza kudhani ya kuwa sheria imemweka kuwa mwamuzi.

Mambo hayo yalibadilika mahakamani. Mwanasheria mmoja, Bibi Rebeca Gyumi, alipeleka shauri katika Mahakama Kuu akisema ya kuwa vifungu viwili hivyo vyapingana na Katiba, kwa sababu vyambagua mtoto wa kike. Mwezi wa Julai 2016 Mahakama Kuu ilimkubalia, ikaagiza vifungu virekebishwe ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufani, na mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo, ikathibitisha hukumu ya kwanza.

Tena liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kwa mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mtu anayesaidia au kushawishi ndoa ya namna hiyo naye hana salama: hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au hufungwa miaka 5, au hupewa adhabu zote mbili. Basi mama wa mfano wetu, aliyetafuta ngome ya mwanawe, alikuwa karibu kuwatia hatarini watu wawili, yaani mposaji na yeye mwenyewe.

Nchi jirani nazo zimeshika njia hiyo. Uganda iliandika umri wa miaka 18 katika Katiba yake ya mwaka wa 1995, na Kenya katika Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014. Na ile hofu ya mama ya kuwa mimba itamfukuza binti shuleni daima, nayo imepungua nguvu: mwezi wa Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza ya kuwa wasichana walioacha masomo kwa sababu ya uzazi wataruhusiwa kurudi.

BINTI ATAKAPO, NA MAMA AKATAA

Huenda msikilizaji mmoja akasema, "Katika nyumba yangu mambo ni kinyume. Binti ndiye anayetaka kuolewa, na mama ndiye anayekataa." Kweli, ugomvi huu nao upo. Binti ana miaka 22, anafanya kazi mjini, amempata mtu wa kabila jingine, au wa dini nyingine, na mama asema, "Juu ya maiti yangu."

Hapo sheria yampa mtu mzima uhuru wake. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla ya ndoa, na mtu anayepinga huweza kuleta pingamizi, lakini lazima alete sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile udugu wa damu au ndoa nyingine inayozuia. Kusema "simpendi" si sababu.

Walakini twamwambia binti huyo asikimbilie sheria kabla hajauliza. Hapana ya mama ina mizizi, aichimbe aione. Pengine mzizi wake ni ukabila au kiburi tu, na hapo binti atajua la kufanya. Pengine mzizi wake ni habari: mama amesikia ya kuwa yule mtu ana mke na watoto mahali pengine, au mkono wake ni mwepesi kupiga. Mama aliyeishi na watu miaka mingi huona katika mwendo wa mtu mambo ambayo macho ya uchumba hayaoni. Binti aliye mtu mzima ndiye mwenye neno la mwisho, lakini si hekima kulisema neno la mwisho kabla ya kulisikia la kwanza.

NJIA YA WAZEE

Wazee wetu walijua ya kuwa mama na binti hawawezi kulizungumza jambo hili uso kwa uso. Haya iko kati yao, na heshima iko kati yao. Kwa hiyo waliweka mtu wa tatu. Pwani alikuwako somo, yaani kungwi, aliyemfunda mwari mambo ambayo mama haoni vema kuyatamka. Mahali pengine kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Na kila mahali alikuwako bibi, kwa sababu bibi na mjukuu wana utani, na katika utani mtu husema kweli bila ya kuvunja heshima.

Katika nyumba ya mfano wetu, bibi mzaa mama alikuja siku ya kumi na mbili. Binti akampokea mzigo, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia wataka kuniachia mzee peke yangu, wewe umepata mwenye mashua."

Binti akacheka, mara ya kwanza katika siku nyingi. Wakaenda pamoja kisimani. Njiani bibi akamwuliza, "Kama hakuna mtu wa kukukasirikia, ungesema nini?" Binti akasema ya kuwa hamdharau yule mtu, anataka kumaliza Kidato cha Nne, anaogopa kupelekwa katika nyumba asiyoijua. Kisha akasema, "Na tena, bibi, naona haya kwa ajili ya mabati. Mama ameyanunua ili tusilowe. Nikikataa, nitakuwa nimemwaibisha."

Usiku bibi akakaa na mama. Hakuanza na habari za mjukuu. Aliuliza, "Siku ulipoposwa wewe, nilikuuliza?"

Mama akasema, "Uliniita, ukaniambia fulani amekuja. Nikanyamaza."

"Nasi tukasema umeridhika."

"Sikuwa nimeridhika, mama. Nilikuwa naogopa."

Bibi akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, na ngoma ilikuwa imekwisha kupigwa? Marehemu alikuwa mtu mwema, nami nilimzoea. Lakini sikuulizwa."

Bibi akasema, "Basi mimi nilikosa. Wewe usikose kama mimi."

Asubuhi mama alimwita binti yake uani, akamwambia, "Mwanangu, ilinipasa kukuuliza kabla ya kuipokea barua." Binti akapiga magoti, akaomba radhi kwa lile neno lake. Mama akasema, "Limekwisha. Lakini fedha za watu zitarudi, nawe utanisaidia."

Hatutaki kuwadanganya wasomaji ya kuwa baada ya hapo mambo yote yalikuwa mepesi. Mjomba aliipeleka barua pamoja na fedha zilizosalia. Mshenga alinuna, akasema ya kuwa wamechezewa, wala hatumlaumu, kwa maana kishika uchumba kikisha kutumika, mposaji hudhani jibu limepatikana. Mjomba akamweleza mposaji habari za sheria ya mwaka 2016 na kifungo cha miaka 30. Mtu yule hakufurahi, lakini alinyamaza, akafikiri, akakubali kulipwa fedha za mabati kidogo kidogo. Ilichukua miezi mitano ya vitumbua. Kila siku ya Jumamosi binti alisimama jikoni tangu saa kumi ya alfajiri badala ya kulala. Mabati yalibaki juu ya paa, na masika yalipokuja hawakulowa.

MASHAURI YETU

Kwa hayo tuliyoeleza, twatoa mashauri machache.

Kwanza, kwa mama: usipokee barua wala fedha kabla ya kumwuliza mwanao, na kama angali mwanafunzi au hajatimiza miaka 18, jibu ni moja tu, nalo ni kuirudisha posa. Fedha zilizokwisha kutumika hufunga ulimi wa nyumba nzima. Si vyema kumtwika mtoto deni ambalo hakulikopa.

Pili, kwa binti: sema "Hapana" yako mapema, tena kwa adabu, na sema sababu. Mama anayesikia sababu ana kitu cha kufikiri. Mama anayesikia tusi ana kitu cha kukasirikia. Ikiwa nyumbani hakuna anayesikia, nenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mwalimu wako, au kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Kufanya hivyo si kumshtaki mama. Ni kutafuta mtu wa tatu.

Tatu, kwa bibi, somo na shangazi: kazi yenu haijapitwa na wakati. Zamani wengine waliitumia kumwandaa mwari akubali lililokwisha kuamuliwa. Sasa itumieni kumsikiliza kabla lolote halijaamuliwa.

Nne, kwa waposaji: ulizeni kama binti mwenyewe ameulizwa, na kama bado yuko shuleni. Mtu mwenye heshima hataki mke aliyeletwa kwa kunyamaza.

Ndoa ni chombo ambacho mtu mmoja atakipanda, na wengine wote watabaki ufukweni wakimpungia mkono. Mama ana haki ya kukagua mbao, kamba na tanga, maana yeye amekwisha kusafiri na aijua bahari. Lakini anayepanda ndiye wa kusema kama apanda. Leo usiku, wazazi mlio na mabinti wakubwa, kaeni nao mahali pa faragha, muwaulize, kisha mngoje jibu. Likichelewa, ngojeni tena.